Mbona ufukwe umetulia hivi? Jibu kuhusu michoro ya Normandy

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nafundisha historia sekondari, kidato cha tatu na cha nne, huku Lindi. Katika kuandaa somo la Vita Kuu ya Pili nimekutana na michoro ya Anthony Gross, mchoraji wa vita wa Uingereza aliyeshuka Normandy, Ufaransa, siku majeshi ya Washirika yalipotua, 6 Juni 1944. Nilitegemea moto na damu. Nikakuta watu wadogowadogo mchangani, huyu anabeba, yule amesimama, utadhani gulio. Je, aliambiwa afiche ukweli? Na je, naweza kuwapa wanafunzi mchoro wa namna hii kama ushahidi, au nibaki na picha za kamera?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Jibu la mkato ni kwamba hakuficha, na wanafunzi wape. Ila wasiupokee kabla hawajauliza mambo mawili: mchoraji alikuwa amekaa wapi, na ilikuwa saa ngapi. Mchoro wa ufukwe uliotekwa punde hauelezi vita nzima. Unaeleza kile mtu mmoja alichoweza kukiona kutoka mahali pamoja, kwa muda ambao mkono wake uliweza kufanya kazi. Ukijua mahali na saa, mchoro unaanza kusema mengi kuliko ulivyodhani. Usipojua, utaulaumu kwa kosa ambalo si lake.

Tuanze na Gross mwenyewe. Ufukwe alioshukia ulipewa jina la siri la Gold. Waliopewa kazi ya kuuteka ni Divisheni ya 50 ya Uingereza, na kundi la kwanza liligusa mchanga kama saa moja na nusu asubuhi. Gross hakuwa na kundi hilo. Alikuja baadaye siku hiyohiyo, akavuka maji kwa miguu, vifaa vyake vya kuchorea kavishika juu ya kichwa visilowe. Kwa hiyo alipofungua karatasi, mahali alipokuwa kazi ya kuuteka ufukwe ilikuwa imekwisha na kazi ya kuutumia imeanza.

Na hiyo kazi ya pili wengi wetu hatukufundishwa. Ufukwe ukishatekwa hugeuka bandari isiyo na gati. Kuna ofisa anayeongoza nani ashuke wapi na gari lipi litangulie. Kuna mafundi wa jeshi wanaotegua mabomu yaliyofukiwa na kuweka alama njia zilizo salama. Kuna majeruhi wanaosubiri mashua ya kuwarudisha melini, na wafungwa wa Kijerumani wanaosubiri hivyohivyo. Kuna malori yaliyozama kwenye mchanga laini na mengine nyuma yake hayana pa kupita. Siku ile walishuka Gold watu wapatao 25,000, na wote walipaswa kutoka mchangani kwa njia chache. Kusimama na kungoja ndiyo hali waliyokuwa nayo askari wengi kwa saa nyingi, tena huku wakijua kwamba kombora linaweza kuwaangukia papo hapo walipo. Neno lako la gulio si baya. Gross aliona msongamano, akachora msongamano.

Jambo lingine linaloonyesha kwamba hakudanganya ni hili. Upande wa mashariki wa Gold, kijiji cha La Rivière kilikuwa kimeshatekwa asubuhi. Upande wa magharibi, kule Le Hamel, Wajerumani walikuwa na mzinga ndani ya ngome ya zege, na walishikilia hadi alasiri. Kati ya vijiji hivyo viwili ni kilomita chache tu. Saa nane mchana askari mmoja angekuwa ameketi juu ya sanduku la risasi anakunywa chai, na mwenzake wa divisheni ileile, ufukwe uleule, analala kifudifudi asiuawe. Ukiwapa wote wawili karatasi na penseli, utapata michoro miwili isiyofanana hata kidogo, na yote miwili ni ya kweli.

Sasa, mahali na saa utavijuaje wakati mchoraji hakukuandikia? Hapa ninyi watu wa pwani mna faida kubwa.

Saa utaipata kwenye maji. Mwezi ulikuwa mpevu siku ile, kwa hiyo yalikuwa maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa sana. Pwani ile ya Normandy maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 5, kuliko hata huku kwetu. Waliopanga vita waliamua kushusha askari mapema asubuhi maji yakiwa chini, ili vizuizi alivyoweka adui, vyuma na magogo yenye mabomu juu yake, vionekane na kutolewa. Upepo ukayasukuma maji yakajaa kwa kasi kuliko walivyokadiria, na vizuizi vingi vikafunikwa kabla mafundi hawajavimaliza. Kuelekea adhuhuri mchanga ulikuwa umebaki ukanda mwembamba, watu na magari wamebanana hapo. Kisha maji yakaanza kupwa, na kufikia jioni ufukwe ulikuwa mpana tena, mamia ya mita, na mashua zilizoharibika asubuhi zimekaa kwenye mchanga mkavu. Basi ukiona mchoro wa siku ile wenye mchanga mwembamba na magari yaliyosongamana, fikiria mchana. Ukiona mchanga mpana wenye vyuma vilivyosimama wazi na watu wanatembea bila kukimbia, maji yamekupwa ya pili, na asubuhi ile mbaya imepita.

Mahali utapapata kwenye upeo wa bahari. Hili wanafunzi wako wanaweza kulijaribu wenyewe maji yakikupwa. Mwambie mmoja asimame mchangani, awatazame wenzake waliosimama mbali kidogo kwenye usawa uleule. Ule mstari ambapo bahari inakutana na mbingu utapita usawa wa macho ya wote, wa karibu na wa mbali, kwa sababu ni usawa wa macho yake yeye. Akichuchumaa, mstari utashuka hadi viunoni mwao. Akilala kifudifudi, utashuka hadi chini ya magoti. Akipanda tuta, utapita juu ya vichwa vyao. Mchoraji mzoefu hufuata sheria hii bila kufikiri, hata akiwa na hofu. Kwa hiyo weka rula kwenye mchoro, fuata mstari wa bahari, angalia unawakata watu wapi. Ukiwakata magotini, mtu huyu alichora akiwa shimoni. Bahari ikichukua nusu ya chini ya karatasi na ufukwe ukawa utepe kule juu, hakuwa nchi kavu kabisa.

Mfano mzuri wa hilo la mwisho ni Dwight Shepler, mchoraji wa jeshi la majini la Marekani. Mchoro wake wa rangi za maji wa Omaha, ufukwe mwingine wa kutua siku ile, sehemu iliyoitwa Fox Green, unaonyesha manowari Emmons mbele na nyingine, Doyle, kulia, zimesogea karibu sana na nchi kavu zikifyatuliana risasi na mizinga ya Wajerumani iliyo juu ya miamba. Ni mchoro wenye nguvu. Lakini mchangani, ambako siku ile watu walikufa kwa wingi kuliko kwenye fukwe nyingine zote za Normandy, huoni sura ya mtu hata mmoja. Tumlaumu? Alichora vita alivyoviona yeye, vya meli na mwamba.

Wako waliokuwa mchangani kabisa. Orville Fisher wa Canada alishuka ufukwe wa Juno na askari wa nchi yake siku hiyohiyo, kajifunga mkononi vijitabu vidogo vya karatasi isiyopenya maji. Alikimbia, akachora kwa haraka, akakimbia tena. Rangi na ukubwa vilikuja baadaye, mbali na mapigano. Fikiria ukubwa wa karatasi inayotosha kufungwa mkononi. Hapo hakuna nafasi ya uso wa mtu wala ya jeraha. Kuna mistari michache inayosema huyu ameinama, huyu ameanguka, hapa pana moshi. Kutulia unakokuona katika mchoro wa haraka mara nyingi ni uchache wa mistari tu.

Na wako waliokiri kwamba hapo mchangani haikuwezekana kuchora hata mstari mmoja. Tom Lea alitumwa na gazeti la Life kwenda na wanamaji wa Marekani kisiwani Peleliu, Pasifiki, 15 Septemba 1944. Alieleza baadaye kwamba kazi yake ufukweni ilikuwa kujaribu asife na kujaribu kukumbuka. Aliporudi melini kesho yake jioni ndipo alipojaza kitabu chake. Kutokana na kumbukumbu hizo akachora picha ya rangi za mafuta inayoitwa The Price: askari aliyepigwa na kombora, upande mmoja wa mwili umechanika, bado anatembea. Kama unatafuta damu, iko pale. Lakini angalia mahali na saa: ni kumbukumbu, imekamilishwa baada ya wiki kadhaa, mbali na kisiwa. Ina ukweli ambao mchoro wa papo kwa papo haungeweza kuubeba, na wakati huohuo hatuwezi kuitumia kujua mashua zilisimama wapi au mti gani uliangukia wapi.

Kwangu mimi anayestahili kutazamwa kwa muda mrefu kuliko wote ni Kerr Eby, mchoraji wa Marekani. Alikuwa ametumikia jeshi katika Vita Kuu ya Kwanza, na vya Pili vilipokuja alikuwa mtu mzima mno kuchukuliwa jeshini. Kampuni ya dawa ya Abbott ilikuwa ikidhamini wachoraji kwenda vitani, akaenda kupitia kwao, na Novemba 1943 akashuka Tarawa, visiwa vya Pasifiki, na wanamaji, umri wake miaka 54. Kule mambo yaliharibika kwa sababu ya maji. Yalikuwa maji mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana, hayakujaa vya kutosha, na mashua za kushushia askari zikakwama kwenye mwamba wa matumbawe. Watu wakalazimika kushuka na kutembea mamia ya mita ndani ya maji, bunduki za Wajapani zikiwaelekea. Betio, kisiwa cha Tarawa walichokiendea, ambacho ukiwa na afya unaweza kukizunguka kwa miguu asubuhi moja, kiliwachukua saa 76 kukiteka, na Wamarekani wapatao 1,000 walikufa. Kwa upande wa Wajapani na vibarua wa Kikorea waliokuwa nao, idadi ni zaidi ya mara nne ya hiyo.

Eby alichora kwa mkaa. Mchoro wake mmoja kaupa jina la maji kupwa, na unaonyesha ufukwe ukiwa umeshatekwa. Hakuna anayekimbia wala anayefyatua risasi. Maji yamerudi nyuma, na kwenye seng'enge aliyoiweka adui umebaki mwili wa askari mmoja, umening'inia. Basi. Anayedai kwamba ufukwe uliotulia ni ufukwe uliopambwa, mwonyeshe huo. Utulivu unaweza kuwa na uzito kuliko moto, kwa sababu ndio wakati ambao mtu anaweza kuona gharama, moshi umeondoka na waliobaki hawajapata nafasi ya kuwazika wenzao.

Sasa swali lako la kuambiwa afiche. Uingereza ilikuwa na Kamati ya Ushauri ya Wachoraji wa Vita, iliyoundwa 1939 chini ya Wizara ya Habari, mwenyekiti wake Kenneth Clark, mkurugenzi wa jumba la sanaa la taifa kule London. Kamati ilinunua na kuagiza kazi zaidi ya 5,000. Wakaguzi wa kijeshi walikuwepo, na walizuia hasa kile ambacho kingemfaa adui: silaha mpya, alama za vikosi, mahali pa siri. Hata hivyo usiniache niwatetee kupita kiasi. Katika kazi hizo zote maiti ya askari wa Uingereza ni nadra, na haikuhitaji mtu kupewa amri. Kila mchoraji alijua kamati ingependa kutundika nini ukutani, na alijua pia kwamba mama wa yule askari angeweza kupita hapo. Kwa hiyo ndiyo, kuna kitu hakipo. Lakini kukosekana huko kuko katika mkusanyiko mzima. Usiubebeshe mzigo huo mchoro mmoja wa mchana mmoja. Na usidhani walikaa mbali na hatari. Watatu kati ya wachoraji wa kamati hiyo walikufa kazini. Mmoja wao, Albert Richards, aliruka kwa parachuti usiku wa kuamkia kutua Normandy, akanusurika, kisha akauawa na bomu la ardhini Machi 1945 akiwa na miaka 25.

Kuhusu kamera, nakuomba usizipe heshima usiyoipa kalamu. Picha za mpigapicha wa vita Robert Capa za Omaha asubuhi ile ndizo maarufu kuliko zote, na zilizobaki hazifiki dazeni moja, nyingine zimetikisika kiasi kwamba unaona maji na kofia tu. Zinatupa sehemu moja ya sekunde. Mchoro unatupa kitu tofauti: nusu saa iliyokunjwa ndani ya karatasi moja. Hapa ndipo penye tahadhari ya kweli. Mchoraji anaanza kushoto na kumaliza kulia, na katikati ya hapo watu wanatembea. Mtu aliyechorwa kushoto akibeba sanduku anaweza kuwa ndiye huyohuyo aliyechorwa kulia akirudi mikono mitupu. Gross alikuwa na mazoea ya namna hiyo mkononi, kwani kabla ya vita aliwahi kutengeneza filamu ya katuni huko Paris. Mwendo wa watu ulimvutia kuliko sura zao. Kwa hiyo mwanafunzi asihesabu watu kwenye mchoro akatuambia walikuwa wangapi. Aangalie jinsi kazi inavyogawanywa, njia inapita wapi, nani anamngoja nani.

Kama unataka kisa kimoja cha kuwafanya wanafunzi wako wakae wima, wape cha Horace Moore-Jones. Alikuwa mchoraji aliyejiunga na jeshi la New Zealand, akapunguza umri wake ili wamkubali, na Aprili 1915 akawa Gallipoli, nchi ya Uturuki, kwenye kile kifukwe chembamba kilichoitwa Anzac. Makamanda walipogundua kwamba anajua kuchora wakampa kazi ya kuchora vilima na mabonde yaliyokuwa juu yao, maana ramani walizokuja nazo zilikuwa mbovu. Michoro yake ya rangi za maji ilikuwa sahihi kiasi cha kutumika kupanga vita. Huyo ni mtu aliyekaa mahali, akatazama, akachora. Miaka michache baadaye, akiwa nyumbani New Zealand, akachora picha yake maarufu kuliko zote: mhudumu wa majeruhi na punda wake, picha ambayo watu waliipokea kama sura ya Simpson, shujaa wa Australia. Aliichora kutoka kwenye picha ya kamera. Na mtu aliye kwenye picha hiyo si Simpson. Ni Mnyuzilandi mmoja, Richard Henderson, aliyefanya kazi hiyohiyo ya kubeba majeruhi kwa punda. Mkono ni uleule, uaminifu ni uleule, ila mara ya pili mchoraji hakuwepo.

Darasani, kwa hiyo, ningeanza na Arromanches, ambayo iko kwenye ukingo wa magharibi wa ufukwe huohuo wa Gold. Tafuta mchoro mmoja wa Gross wa 6 Juni, kisha picha ya Barnett Freedman, mchoraji mwingine wa vita wa Uingereza, ya mahali hapo siku 20 baadaye, 26 Juni. Freedman alitumia rangi za mafuta na aliikamilisha 1947. Kati ya tarehe hizo mbili Waingereza walikuwa wamevuta makasha makubwa ya zege kutoka ng'ambo, wakayazamisha wakapata bandari, na dhoruba ya tarehe 19 hadi 22 ikawa imepita na kuivunja bandari ya pili, ya Wamarekani, kule Omaha. Weka kazi hizo mbili ubavuni mwa picha moja ya kamera. Usiwaambie tarehe. Waulize maji yako wapi, upeo unawakata watu wapi, mchoraji alikuwa na haraka au alikuwa na meza, na ni kitu gani ambacho mtu aliyekaa hapo asingeweza kukiona hata angetaka. Swali hilo la mwisho lipe muda mrefu kuliko mengine. Kidato cha tatu wanalimudu vizuri.

Mchoro wa Eby wa maji kupwa unaweza kuingia katika kipindi cha pili, hauna kitu cha kumtisha kupita kiasi kijana asiyejiandaa. Picha ya Lea ya askari aliyechanika uwaonyeshe kidato cha nne tu, na uwaambie ni ya nini kabla hujaifungua, ili asiyetaka kuitazama apate nafasi ya kutoka nje.